Mazimwi ya Bahari na Mashine Zisizo na Watu

Miongoni mwa riwaya za ajabu zilizoandikwa na Wakenya miaka ya karibuni, iliyonishika zaidi ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, iliyotoka mwaka 2021 na kuwa ya kwanza kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin mwaka 2022. Aisha, msichana wa Mombasa, anaingia baharini kwa chombo cha mifupa, akiandamana na paka anayesema, ili kumtafuta babake mvuvi. Kinachonivutia si mazimwi, ingawa yanatisha kwelikweli. Ni kwamba mwandishi hasimami kuyafafanua, kwa kuwa msomaji aliyelelewa kwa ngano za majini huyapokea kama anavyopokea habari za jirani. Baada ya safari hiyo masimulizi yanakwenda polepole, na wenzangu kadhaa hapa Nairobi waliiacha riwaya hapo. Mimi naona hapo ndipo inapokomaa, maana nyumbani kunambana Aisha kuliko bahari.

Hadithi za sayansi zimenikinaisha kidogo. Nyingi ninazosoma siku hizi hurundika mashine katika ukurasa wa kwanza na kuwasahau watu, ilhali Mkenya Katama Mkangi, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mhusika wake mkuu, Dzombo, angani kwa chombo cha adhabu bila kupoteza hata chembe ya hasira yake dhidi ya dhuluma za duniani. Ningependa waandishi wetu vijana waanzie kwake, tena kwa Kiswahili.