Pedi mkononi, zamu kituoni: mchezaji wa gemu na msimu wa vimbunga

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na kilele chake huwa Septemba. Septemba hiyo hiyo ndiyo gemu kubwa za mwaka huanza kutoka. Kwa sisi tunaoishi Houston na pwani ya Ghuba ya Meksiko, swali ni lile lile kila mwaka: ukumbi uliogeuzwa kituo cha dharura umejaa watu waliokimbia maji, na timu yako ya gemu inakungoja mtandaoni saa 3 usiku. Uende wapi?

Msimamo wangu ni kwamba uende kote kuwili, ila kwa zamu zilizoandikwa. Anayejitupa kituoni siku tatu bila kulala huonekana wa maana sana, lakini siku ya nne hayupo, na waathirika bado wana wiki mbele yao. Kimbunga Katrina kilipopiga Agosti 29, 2005, mabasi yaliwaleta watu kutoka uwanja wa Superdome wa New Orleans hadi uwanja wa Astrodome hapa Houston. Watu wapatao 25,000 walilala katika kumbi za Reliant Park, eneo ilipo Astrodome, na wengine walikaa humo zaidi ya wiki mbili. Harvey ya 2017 ilimwaga zaidi ya milimita 1,500 za mvua katika baadhi ya sehemu za Texas, na ukumbi wa George R. Brown, uliopangiwa watu 5,000, ukapokea kama 10,000. Siku za mwanzo wasaidizi hupigana vikumbo mlangoni. Baada ya siku kumi unaanza kuwahesabu kwa vidole. Mchezaji wa gemu aliyepanga vizuri anahitajika hasa hapo.

Saa 72 za kwanza acha PlayStation nyumbani. Watu wanataka maji, nguo kavu, dawa, kitanda, na chaji ya simu ili wajue ndugu zao wako wapi. Fungua droo yako ya nyaya. Mchezaji yeyote ana chaja za USB-C tano sita, ekstensheni, na pawa benki moja au mbili. Pawa benki ya mAh 20,000 hujaza simu ya kawaida mara tatu hivi, maana sehemu ya umeme hupotea njiani. Bandika teipu kila kifaa na uandike jina lako, la sivyo hutakiona tena. Siku hizo hizo jiandikishe rasmi kwa wanaoendesha kituo, maana kazi yoyote inayokuweka karibu na watoto inahitaji historia yako ichunguzwe, na majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa. Ukisubiri mpaka siku unayotaka kuanza, utarudishwa getini.

Timu yako iambie mapema. Kama mnacheza jioni tatu kwa wiki, bakiza moja na utaje mtu wa kushika nafasi yako kwenye hizo nyingine mbili. Usiseme "nitaona nikipata nafasi", kwa sababu hapo watu saba watakaa wakikungoja huku wewe unagawa mablanketi na roho haijatulia. Zamu ya kituoni nayo ipe siku na saa, kwa mfano Jumanne na Alhamisi saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, kwa wiki nne. Mpanga zamu anaweza kujenga juu ya ahadi kama hiyo. Ukitoka zamu cheza kitu chenye mwisho, mbio tatu au mechi mbili, halafu ulale. Mechi za kupanda daraja ziache hadi wikiendi: ukizicheza umechoka utapoteza pointi, utakasirika, na hasira hiyo utaamka nayo.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne, watoto wakishaanza kukimbizana kati ya vitanda na wazazi wamechoka, kona ya gemu ina kazi ya kweli. Mzazi anapata saa moja ya kupiga simu za bima bila kuvutwa shati. Omba ruhusa ya meneja wa kituo kwanza, na umuulize soketi zipi zina watu wa mashine za hospitali. Hili ndilo kosa linaloniogopesha kuliko yote. Mashine ya oksijeni ya nyumbani hula kama wati 300 hadi 350, na mara nyingi soketi ya mzee anayeitumia iko laini moja ya umeme na ya kwako. Laini ya kawaida ya Marekani ni ampea 15 kwa volti 120, yaani wati 1,800, na kwa mzigo wa kudumu usivuke asilimia 80, yaani 1,440. PlayStation 4 mbili, tuseme wati 150 kila moja, na runinga mbili za inchi 32 za wati 50, jumla ni 400. Peke yake hiyo ni salama kabisa. Lakini mtu akichomeka mashine ya kahawa ya wati 1,000 na mwingine akaongeza chaja kumi na tano, swichi ya laini hiyo inajikata na mashine ya mzee inazimika pamoja na yako. Chukua laini yako mwenyewe, na usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Nyaya zipite ukutani. Zikilazimika kukatiza sakafu, zifunike urefu wote kwa teipu pana ya kitambaa, kwa sababu viti vya magurudumu na mikongojo hupita hapo usiku. Skrini ielekee njia ili mzazi aone mtoto wake akiwa mbali, na kona isiwe jirani na vitanda vya watu wanaolala mchana.

Mashine gani upeleke? Kwa ukumbi wa dharura naichagua Nintendo Switch mbele ya zote. Ikiwa imeunganishwa na runinga haifiki hata wati 20, ina betri, na gemu za kadi hucheza bila intaneti. PlayStation 5 ikicheza gemu nzito hufika wati 200. Lakini zaidi ya umeme, kinachowaangusha watu wengi ni leseni. Gemu uliyoinunua mtandaoni huweza kukataa kufunguka kituoni kama mashine haijawekwa kuwa ya msingi kwa akaunti yako: kwenye PlayStation 5 washa kushiriki konsoli na kucheza nje ya mtandao, kwenye Xbox iweke kuwa Xbox ya nyumbani. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, pakua apdeti zote, kisha chomoa waya wa intaneti na ujaribu kila gemu moja moja. Apdeti ya GB 40 haishuki kwenye Wi-Fi inayogawanywa na watu elfu mbili, na hata ikishuka umewanyang'anya wanaojaza fomu za msaada.

Kabla hujaondoka nyumbani futa kadi ya benki kwenye akaunti, zima maongezi ya sauti na ujumbe, na ufungue akaunti ya mgeni kwa ajili ya watoto. Mtoto wa miaka saba hununua sarafu za gemu kwa kubonyeza mara mbili tu, bila nia mbaya yoyote.

Gemu ziwe fupi na za watu wengi. Mario Kart 8 Deluxe huchukua wachezaji wanne kwenye skrini moja, na kombe moja la mbio nne huisha kwa dakika 12 hivi. Ukihesabu kubadilishana, hao ni watoto 16 kwa saa kwa mashine moja. Washa usukani wa kujiongoza na mwendo wa kujiendesha kwa wadogo: mtoto wa miaka minne atamaliza mbio bila kudumbukia, na hatalia. Gemu ya mpira weka dakika nne kila kipindi. Gemu za hadithi ndefu ziache, kwa sababu familia hupewa chumba cha hoteli ghafla asubuhi na mtoto huondoka akiiacha hadithi yake katikati. Angalia alama za umri: E kwa wote, E10+ kuanzia miaka kumi, na T, ya vijana, usiiwashe kama wadogo wanatazama. Na hata gemu yenye alama E ipitie mwenyewe. Hatua yenye mafuriko, radi au meli inayozama iruke. Mtoto aliyetolewa juu ya paa kwa boti wiki iliyopita hahitaji kuiona tena kwenye skrini.

Foleni iandike kwenye karatasi: jina la kwanza tu na saa. Piga kengele ndogo dakika mbili kabla ya zamu ya mtu kuisha, kwa sababu mtoto akikatwa ghafla utapata kilio, lakini aliyeonywa hukabidhi pedi mwenyewe. Wawepo watu wazima wawili muda wote, wasiwe chini ya hapo. Usipige picha za watoto, hata kama ni kwa nia ya kuchangisha.

Sasa usafi, na hapa naomba usisome haraka. Septemba 2005 virusi vya norovirus vilienea kwa waathirika wa Katrina hapa Houston, na zaidi ya watu 1,000 walifika kliniki ya Reliant Park wakitapika au kuharisha. Pedi zinazoshikwa na watoto 16 kwa saa ni njia nzuri mno ya virusi hivyo. Kosa la kawaida ni kuweka chupa ya jeli ya mikono mezani na kuridhika. Jeli ya pombe haiviui norovirus vizuri. Vinavyoviondoa mkononi ni sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Kwa hiyo kanuni iwe moja: hakuna kushika pedi kabla ya kunawa, na kona iwe karibu na masinki. Pedi zifute kila baada ya kundi kwa kitambaa kilicholowa kidogo pombe ya asilimia 70, ambayo husaidia kwa mafua na bakteria. Usipulizie dawa moja kwa moja, maana huingia chini ya vijiti vya pedi na kuharibu sehemu za umeme za ndani. Meza na viti vifutwe kwa dawa ya klorini wanayotumia wasafishaji wa kituo. Mtoto akitapika karibu na kona, funga kona siku nzima.

Pedi za waya ni bora kuliko za bluetooth. Haziishiwi chaji, haziibiki kirahisi, na katika ukumbi wenye simu elfu moja haziachi kuitikia katikati ya mbio. Beba nyaya mbili za HDMI za ziada, kwa sababu mtu atajikwaa, na ukibahatika utavunjika waya badala ya tundu la mashine.

Wiki ya pili, kazi kubwa huwa makaratasi. Wewe unayekaa saa nne mbele ya skrini bila kuchoka unaifaa. Ombi la msaada wa FEMA, shirika la serikali ya Marekani la maafa, hufanywa kwenye DisasterAssistance.gov au kwa simu 1-800-621-3362. Mwombaji aandae namba ya Social Security, anwani ya nyumba iliyoharibika, anwani anapokaa sasa, taarifa za bima, namba ya simu inayopatikana na akaunti ya benki. Mwache achape mwenyewe tarakimu zake. Wewe msomee maswali. Tumia dirisha la faragha na ulifunge mkimaliza, usihifadhi chochote kwenye kompyuta yako. Barua ikija ikisema hastahili, isiwekwe pembeni: mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja, kama uthibitisho wa kuishi pale au jibu la bima, na kuna siku 60 tangu tarehe ya barua za kukata rufaa.

Houston ina familia nyingi zilizotoka Kongo na Burundi, na Kiswahili chako hapa kina thamani kuliko mashine yako. Mama wa Goma mwamkie "Jambo, mama". Shikamoo ya Tanga inaweza kumshangaza. Usimtumie mtoto wake kuwa mkalimani wa mambo ya pesa na hati. Uliza mkalimani kwa simu, ni bure, na wewe kaa pembeni uhakikishe alichosema ndicho kilichoandikwa.

Siku usiyoweza kutoka nyumbani, bado kuna kazi ya kiti chako. Wakati wa Harvey, watu wa kujitolea waliwaelekeza wenye boti kwa programu ya Zello, wakibonyeza kusema kama tunavyofanya kwenye timu. Baada ya Maria huko Puerto Rico mwaka huo huo, na baada ya Idai iliyopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, wachoraji wa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, walichora majengo na barabara kutoka picha za setilaiti. Unachukua mraba mmoja wa ramani, unafuata kingo za kila paa kwa kipanya, unabonyeza Q kunyoosha pembe, unahifadhi. Makosa ya wageni ni mawili: kuchora kivuli cha jengo badala ya jengo, na kuacha mraba nusu bila kuuachilia ili mwingine aumalize. Jipe mraba mmoja kabla ya kuwasha gemu.

Na umeme ukikatika kwako mwenyewe, kama ulivyokatika kwa wateja zaidi ya milioni 2 Beryl ilipopita Julai 2024, jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na madirisha. Gereji iliyo wazi bado ni ndani. Friji na simu kwanza.

Siku ya kufunga kona watangazie watoto jana yake, mbele ya karatasi ya foleni, na uwape wote zamu ya mwisho hata kama ni mbio moja moja. Kisha hesabu nyaya kwa teipu zake, futa akaunti ya mgeni, na rekodi za mbio uziache zimebandikwa ukutani.