Shingo nyekundu peke yake haitoshi, nilivyomtambua walabi wa mlia mweusi

Hapa Queensland, Australia, ukiuliza habari za walabi, hao wanyama kama kangaruu wadogo, utaambiwa angalia shingo, ikiwa nyekundu basi ni Notamacropus rufogriseus, walabi wa shingo nyekundu, kwisha habari. Ushauri huo umenikera sana. Nafanya kazi shambani magharibi ya mji wa Toowoomba na kuna kichaka kinene cha brigalow, miti jamii ya akasia, jioni kinatoa kundi zima la walabi kuja kula majani, mabega mekundu, shingo nyekundu, kila niliyemuuliza akasema ndio hao hao. Mi sikukubali, maana jua la jioni linapaka kila kitu rangi hiyo, hata kangaruu wa kijivu.

Sasa kuwapiga picha ndio kazi. Hawaendi mbali na kichaka, ukifungua tu mlango wa gari washaingia wote. Kwa miguu usijaribu kabisa. Nilichofanya, nikaegesha pikapu mapema kabla hawajatoka, injini nimezima, kioo nimeshusha, simu nimeiegemeza dirishani inarekodi video ya slo mosheni, nikatulia kama mvuvi wa mshipi. Wakatoka mmoja mmoja wakala mpaka wakasogea karibu, hapo nikapiga kofi moja tu paa! Wote wakageuka wakanipa migongo, na mgongo ndio nilikuwa nautaka!

Nikasimamisha video, mstari mweusi huo umeanzia shingoni unashuka katikati ya mgongo, na kwenye nyonga kamlia keupe. Rufogriseus mgongoni hana huo mstari, yeye mtazame pua na viganja, vyeusi. Halafu wanavyoruka, wamejikunja, kichwa chini, hatua fupi fupi. Huyo ni Notamacropus dorsalis, yaani walabi wa mlia mweusi, bila ubishi, na mtaalamu wa wanyama niliyemtumia video akasema hivyo hivyo. Nilifurahi jamani!

Wallabia bicolor, walabi wa kinamasi, naye anaruka kichwa chini, ila huyo ni mweusi mweusi, tumboni ana rangi ya chungwa, na mara nyingi utamkuta peke yake. Notamacropus parryi, walabi mwingine wa huku, hata hasumbui, mkia mrefu mwembamba, mlia mweupe shavuni, na mchana kweupe yuko kwenye vilima vya nyasi.

Kwa mlioko jimbo jirani la New South Wales, huko dorsalis yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, kwa hiyo mkimpata video msiifute, pelekeni kwa watu wa wanyamapori.