Mto wa Jiwe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Mwanzo 28:10–22. Wengi wetu tukifika hapo tunakimbilia ngazi na malaika, na jiwe ambalo Yakobo aliliweka chini ya kichwa kama mto tunaliruka. Mimi mwenyewe nililiruka miaka mingi, mpaka nilipolala ugenini na begi chini ya kichwa.

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa na akiba kidogo ya mauzo ya korosho, na hamu ya kupanda treni ambayo mtu wa Kusini tu ndiye ataielewa. Sisi treni tunaisikia kwa wazee. Waingereza walijenga reli huku kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza 1947, kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea. Mradi ulikufa mapema, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Babu alizoea kutuonyesha tuta: "Hapa ilipita treni." Sisi tunaona nyasi na mbuzi. Basi nikajiapiza kwamba nikipata nauli nitapanda treni na sitashuka mpaka inapoishia. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inaishia New Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Huko sikuwa na ndugu, sikuwa na rafiki, na Kibemba sikukijua hata salamu.

Mama nilimwambia nasafiri na mwenzangu wa kwaya. Hakukuwa na mwenzangu yeyote. Naomba mlishike hilo, tutalirudia.

Safari ya basi kutoka Mtwara mnaijua, siisimulii. Ijumaa alasiri nikaingia kwenye treni, daraja la pili, chumba cha vitanda sita, wanaume watupu, kwa sababu wanaume na wanawake walipangwa vyumba tofauti. Jua lilipoanza kushuka tukaingia pori la Selous. Twiga walisimama karibu na reli wakitutazama kama majirani wanaotazama bibi harusi akipita. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Kisha giza likaingia, na kicheko kikaisha.

Watu wanasimulia safari za peke yao kwa picha nzuri, lakini usiku wa kwanza hauna picha. Nililaza kichwa juu ya begi, kamba yake nikaizungusha kifundoni mwa mkono mara tatu. Fedha nilizigawa: nyingine kwenye soksi, nyingine ndani ya Biblia, nyingine mahali ambapo sitapataja kwenye tafakari. Kila mtu akikohoa, nafumbua macho. Mzee mmoja wa kitanda cha chini aliniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, usingizi haufungwi kamba." Akageukia ukutani, akakoroma mpaka alfajiri.

Kesho yake, tulipotoka Mlimba kupanda kwenda Makambako, treni ikaanza kuingia kwenye mahandaki ya milimani. Ni sehemu nzuri kuliko zote, mabonde yako chini kabisa na ukungu umeyajaa. Nami nikaipoteza karibu yote, maana kila giza lilipotuangukia, mkono wangu ulikwenda mfukoni. Tukitoka kwenye mwanga nawatazama wenzangu wa chumbani mmoja mmoja, kama askari. Leo naona aibu. Mzee yule alikuwa amenimenyea ndizi.

Mpakani, baina ya Tunduma na Nakonde, maofisa wa uhamiaji walipanda wakagonga mihuri, na saa ikarudi nyuma kwa saa moja. Wabadilisha fedha nao wakapanda. Mmoja alinipa bei nzuri kupita wengine wote, na noti zake zilikuwa na sifuri nyingi, nikajiona tajiri. Mimi niliyelinda soksi usiku kucha nikatoa fedha kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, tena nikamshukuru. Nilipoketi kwenye behewa la chakula na kutoa ile noti, mhudumu akaigeuzageuza kwa huruma. Zambia ilikwisha kata sifuri tatu kwenye kwacha yake tangu Januari 2013. Nilikuwa nimeuziwa makaratasi.

Mama mmoja mfanyabiashara, aliyeketi meza ya pili, akasema kwa Kiswahili cha Nakonde, "Mletee mwanangu huyu nshima na kuku, mimi nitalipa." Nshima ni ugali wa kwao. Hakuniuliza natoka wapi. Hakuniuliza nimedanganywaje. Nilipokula nikashiba ndipo akafungua kifurushi chake, akanionjesha ifinkubala, wale viwavi waliokaushwa. Nikasita. "Kwenu mnakula nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu Kusini wapo wanaokula panya. Akacheka mpaka akashika meza. Nikala viwavi.

Sasa turudi kwa Yakobo. Anatoka Beer-sheba kwenda Harani, peke yake. Baadaye sana, katika Mwanzo 32:10, atakumbuka kwamba alivuka Yordani akiwa na fimbo yake tu. Na hasafiri kwa kupenda: amemdanganya baba yake kipofu, amemwibia ndugu yake Esau baraka, anakimbia. Jua linakuchwa, anatwaa jiwe analala. Mungu anapomtokea, mimi ningetegemea maneno makali. Someni mstari wa 13 mpaka 15, msome mara mbili. Humo hamna kemeo hata moja. Esau hatajwi. Ni ahadi tupu: "mimi nipo pamoja nawe, nitakulinda kila uendako." Yakobo hata kutubu hajatubu. Anapoamka bado anaweka masharti, Mungu akinipa chakula, akinipa nguo, nikirudi kwa amani, kama mtu anayepatana bei sokoni. Kazi ya kumnyoosha itafanyika kwa mjomba wake Labani, miaka 20, na huko atadanganywa yeye. Lakini usiku ule wa kwanza, kabla ya yote hayo, anapewa ahadi kama mtoto anavyofunikwa shuka.

"Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Nadhani Yakobo aliamini kwamba Mungu amebaki nyumbani na Isaka. Mimi pia nilimwacha Mtwara, kwenye kiti changu cha kwaya, nikapanga kumkuta nikirudi. Jumapili asubuhi, tukiwa tayari ndani ya Zambia, kinamama wa behewa jirani walianza kuimba. Mungu walimwita Lesa. Mmoja, nafikiri wa upande wa Wanyanja, akaomba na kumwita Mulungu, neno lile lile alilokuwa akilitumia bibi yangu Myao aliponiombea homa. Nilisimama kwenye ujia nimeshika chuma cha dirisha, machozi yananitoka, na abiria wanapita wananisukuma na ndoo zao.

Hapa kwetu msimu wa korosho ukifika mji hujaa sura ngeni, wapakiaji na madereva na vijana waliokuja kujaribu bahati. Baadhi hukaa benchi la nyuma kanisani, begi miguuni. Sisi tunajua kuuliza: wewe mwenyeji wa wapi, umefikia kwa nani, barua ya usharika unayo? Kutoka 23:9 panasema Israeli waijua roho ya mgeni. Wiki hii nawaombeni tujaribu kuanza na sahani, maswali yaje nyuma.

Nimalizie lile la mama. Kapiri Mposhi nilifikia gesti ndogo. Simu yangu haikushika mtandao. Nikaoga, nikajilaza, usingizi ukakataa, na safari hii haikuwa kwa ajili ya begi. Nikaenda kwa mwenye gesti, nikamwomba simu yake na kumlipia muda wa maongezi. Mama akapokea mlio wa kwanza tu, usiku ule, kama mtu aliyeketi na simu mapajani.

Nikamwambia, "Mama, niko peke yangu. Sikuondoka na mtu. Nilikudanganya."

Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Najua," akasema. "Huyo mwenzako wa kwaya alipita hapa leo baada ya ibada, anakuulizia."

Nikakosa neno.

"Umekula?"