Siku moja maishani mwangu: mimi ndo mtu wa tovuti ya halmashauri, Kigoma

Wengi mnajua halmashauri ina mhandisi, mhasibu, afisa kilimo, watendaji wa kata. Kwamba kuna mtu analipwa mshahara aangalie tovuti hamjui, na mkijua swali ni lile lile, "sasa unafanyaga nini siku nzima?" Kwenye barua ya ajira mimi ni Afisa TEHAMA, ofisini naitwa dada wa websaiti, na halmashauri yenyewe ni mojawapo ya hizi za mkoa wetu wa Kigoma, ipi haina haja. Nawaandikia siku moja, Jumatano iliyopita, siku ya kawaida tu isiyo na ugeni wa waziri.

Saa 12:15 asubuhi

Naishi Ujiji na saa hizi bado giza. Watu wa Dar hawalijuagi hili, saa tunayotumia ni moja ila sisi tuko magharibi kabisa kwahiyo jua letu linachelewa kama dakika arobaini hivi, wao wameshapigwa na jua sisi ndo kwanza tunatafuta swichi.

Kabla sijaoga nafungua tovuti kwa simu, kwa bando langu mwenyewe. Makusudi. Ofisini intaneti ina kasi na kila ukurasa unafunguka chap, sasa ukipimia pale utajidanganya, maana mwananchi wangu yuko kijiji cha mwambao huko, ana bando la mia tano na simu ya kioo kilichopasuka na mtandao unakuja ukiondoka kwa upepo wa ziwa. Ukurasa wa mwanzo ukigoma kwake, kwake yeye halmashauri imefungwa.

Halafu naenda Google naandika anwani yetu pamoja na neno "slot". Mtaniona chizi. Kuna wahuni wa michezo ya kubahatisha, wengi wako Asia huko, wanatafuta tovuti za serikali dunia nzima zenye programu isiyofanyiwa apdeti, wakipata upenyo wanapachika kurasa zao ndani kwa ndani, wewe ukifungua tovuti yako unaona kila kitu kiko sawa ila Google inaonyesha halmashauri inatangaza kamari. Wanapenda anwani za serikali kwasababu Google inaziamini. Leo hakuna kitu. Naenda kuoga.

Saa 1:30

Nimeshasaini. Mwakeye, mwakeye, salamu korido nzima mpaka ofisini kwangu, ambako pia ni stoo ya printa zilizokufa.

Kwanza bakapu, nimeangalia ya usiku imeingia. Pili matangazo yaliyopitwa na muda. Hii ndo kazi yangu naipenda kuliko zote na ndo haina heshima kabisa, kufuta. Tangazo la zabuni lililofungwa mwezi uliopita, ratiba ya chanjo iliyokwisha, "mkutano utafanyika kesho" ya lini sijui. Kila idara inaleta kipya, hakuna idara hata moja inayokuja kusema dada lile letu limeisha litoe. Ukiacha hivyo tovuti inakuwa kama ubao wa ofisi ya kijiji, karatasi juu ya karatasi juu ya karatasi, na mtu anasoma ile iliyo juu akidhani ndo ya leo. Shida inakuja kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kujaza kazi za wiki, sijui niandike nini, "nimefuta"?

Saa 2:20

WhatsApp imejaa. Picha za ziara ya jana, kila picha MB tano mpaka sita, na meseji chini yake "weka zote". Nachagua tatu, nazipunguza mpaka KB mia na hamsini, ukiziangalia kwenye simu huoni tofauti yoyote. Yule wa bando la mia tano nimemwokolea hela yake na hatokaa ajue.

Sasa PDF. Hapa naomba nikae kidogo maana ndo vita yangu ya kila siku.

Tangazo linaandikwa na mtu kwenye kompyuta, kwa Word, safi kabisa. Linaprintiwa. Linasainiwa, linagongwa muhuri. Halafu mtu analipiga picha kwa simu, limepinda, kivuli cha kidole kwenye kona, mara nyingine liko kichwa chini, ndo linaletwa kwangu liende kwenye tovuti. Yaani maandishi yamegeuzwa picha. Google haiyasomi vizuri, mwenye uoni hafifu anayetumia simu ya kumsomea kwa sauti anasikia "picha" basi, na mwenye simu ndogo anavuta kulia anavuta kushoto kutafuta tarehe ya mwisho.

Nikashuka kwa mama wa masjala.

"Mama shikamoo. Naomba ile Word ya hili tangazo."

"Marahaba mwanangu. Word ya nini tena? Si limeshasainiwa? Muhuri huo hapo."

"Nimeuona mama. Nataka maneno tu, saini nitaiweka pia."

"Watu watajuaje ni la kwetu bila muhuri?"

Na nikwambieni ukweli, mama ana hoja. Mtaani karatasi bila muhuri ni karatasi tu, na matapeli wamejaa. Kwahiyo tulichokubaliana naye toka zamani, ingawa kila mara lazima tuanze upya mjadala, ni kwamba maneno yenyewe nayaandika kwenye ukurasa, tarehe ya mwisho juu kabisa kwa herufi nzito, na chini nabandika ile ya muhuri kwa anayetaka kuiona. Kila mtu na chake. Mama akatoa fleshi mkobani, imefungwa na uzi mwekundu ili isipotee, akanihesabia mafaili kama anahesabu pesa.

Saa 4:00

Chai, chapati mbili. Tuendelee.

Saa 4:40

Hili ndo lilikuwa zito la siku. Mikopo ya asilimia kumi, mnaijua, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inakopesha vikundi bila riba, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Orodha ya vikundi vilivyopita imekuja kwa Excel iwekwe hewani leo leo. Nikaifungua: jina la kikundi, kata, halafu majina ya wanachama wote, namba zao za NIDA, namba za simu, na kwa kundi la tatu kuna safu imeandikwa "aina ya ulemavu".

Nikasimama kabisa.

Nikampigia kaka wa maendeleo ya jamii, kijana mchapakazi sana, nikamwambia kaka hii siwezi kuipandisha hivi. Akasema lakini dada si ndo uwazi huo, wananchi wanalalamika tunagawa kwa kujuana, tukiweka kila kitu nani atatusema? Nikamwambia uwazi ni kuonyesha halmashauri imempa nani na kwa utaratibu gani, sio kumuanika mama wa watu na ulemavu wake na namba ya NIDA duniani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ziko kwenye zile nyeti kabisa. Na ukiacha sheria, wewe fikiria tapeli anapata jina, simu, NIDA na anajua huyu anasubiri hela ya mkopo wiki hii. Anampigia, "mimi ni afisa kutoka halmashauri, tuma elfu ishirini ya fomu." Atakataaje? Kila alichotajiwa ni kweli.

Kimya. Akasema "dah, hiyo ya tapeli sikuifikiria."

Tukaweka jina la kikundi, kata, mtaa au kijiji, basi. Wanachama watapigiwa na ofisi. Nikaongeza mstari mmoja, kwamba hakuna malipo yoyote ya kupata mkopo, na kama kikundi hakijaona jina lake kiende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kumbe huo mstari ndo ulipigiwa picha na kusambazwa kwenye magrupu kuliko orodha yenyewe.

Saa 6:15

Mgeni mlangoni, mzee wa makamo, katoka vijiji vya ziwani kwa boti akashukia Kibirizi. Kashika simu. Kijana wake katumiwa tangazo la ajira za halmashauri, nembo ya taifa iko juu, kuna linki, na mwishoni "lipia ada ya usaili" kwa namba ya simu.

"Binti yangu, hii ni yenu?"

"Sio yetu mzee wangu. Tuangalie wote."

Nikamwonyesha anwani. Ya kwetu inaishia go.tz, na hiyo hapewi mtu yeyote isipokuwa taasisi ya serikali. Ile ya kwake ilikuwa na go na tz ndani yake lakini zimeungwa kwa vistari na mwishoni kuna kitu kingine kabisa, jicho la haraka halioni. Na malipo ya serikali yanakwenda kwa kontrol namba, sio kwa simu ya mtu binafsi yenye jina la mtu. Mzee akaiangalia linki tena, akacheka, akasema angelipa, alikuwa ameshauza dagaa.

Kanusho liliwekwa ndani ya nusu saa, na picha ya lile tangazo la uongo ikapigwa msalaba mwekundu katikati. Msalaba ni lazima, bila hivyo watu wataisambaza picha yenyewe wakisema imetoka kwenye tovuti ya halmashauri.

Saa 7:00

Jua liko utosini, kwetu ndo saa yake. Ugali wa muhogo na mgebuka, mawese kwa mbali. Sina cha kuongeza hapo.

Saa 8:10

Umeme umekatika. Mtu wa kwanza kuingia: "dada, tovuti itakuwa imezima ee?" Nimeshawaambia mara kibao kwamba haiko kwenye lile kabati langu. Iko kwenye seva za serikali, na viwango na miongozo inatoka Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019. Kigoma nzima ikizima, mtu wa Mbeya anaifungua kama kawaida. Kilichozima ni feni yangu.

Kwenye giza hilo tukaanza stori na mwenzangu wa habari, tukakumbuka 2024 ziwa lilipopumzishwa, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Ubishi ulikuwa kuhusu ukurasa wa mwanzo. Wakubwa walitaka picha za kikao cha wadau zikae juu, meza kuu na maua. Mimi nikasema mvuvi hatafuti sura ya mtu, anatafuta tarehe mbili, lini navuta nyavu na lini narudi majini. Tukaweka tarehe mbili kubwa, picha chini. Na asubuhi ya tarehe 16 Agosti tangazo nikalishusha mapema sana, maana kuliacha likae ingekuwa kumfungia mtu ziwa wakati limefunguliwa.

Saa 8:50

Umeme umerudi. Nimeandaa takwimu za mwezi za kikao cha menejimenti. Ni zile zile: watu wanakuja kwa ajira, fomu za shule, leseni za biashara, namba za simu. Hotuba zinasomwa na aliyeziandika. Safari hii nimeomba jambo moja tu, kila idara initajie namba ya simu inayopokelewa saa za kazi. Bora tovuti yenye sura mbaya na namba inayopokelewa kuliko ile inayong'aa halafu ukipiga inaita mpaka inakata. Nimeahidiwa "tutalifanyia kazi", nanyi mnaijua lugha hiyo.

Wao wameomba ukurasa wa mwanzo uwe na picha zinazotembea, saba. Nimesema mbili. Tutaishia nne.

Saa 9:30

Kazi imeisha kwa mujibu wa daftari. Daladala ya Ujiji, nimesimama mpaka Mwanga.

Saa 3:25 usiku

Nakula, simu inalia mfululizo. Mkeka umetoka! Uteuzi na uhamisho wa wakurugenzi, na wa kwetu yumo, anahamishwa. Wengine mkeka kwenu ni umbea wa usiku, mimi ni kazi, kwasababu sura ya mkurugenzi iko ukurasa wa mwanzo, jina lake liko kwenye "karibu", liko kwenye muundo wa uongozi, na liko chini ya kila tangazo alilosaini.

Kwenye matangazo silifuti. Alisaini akiwa ofisini na linabaki ni lake, kumbukumbu ni kumbukumbu. Kwenye "karibu" na muundo ndo yanabadilika, ila sio usiku huu, mpya bado hajaripoti na wa zamani hajakabidhi ofisi. Kwahiyo napandisha taarifa fupi ya uteuzi kama ilivyotolewa, sijapunguza wala kuongeza neno, basi.

Saa 3:52 meseji kutoka kwa mmoja wa wakubwa: "Mbona tovuti bado ina picha ya zamani?"

Nikajibu: "Shikamoo bosi. Akiripoti tu naibadilisha. Naomba utusaidie kupata picha yake yenye suti, nilizopata Google zote yuko na kofia ya kampeni ya chanjo."

Akajibu na kidole gumba. Kesho ntaambiwa niiweke hiyo hiyo ya kofia.