Tangi la Mama na Ngazi ya OpenPLC

Mimi ni fundi umeme Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni mota za mashine za kusaga unga na pampu za visima. Kompyuta nilikuwa naitumia kuangalia mpira. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuwa na tangi linalofurika kila usiku. Rilei mbili, yaani swichi zinazovutwa na umeme, zingemaliza kazi, najua. Ila nilikuwa nimechoka kufungua makabati ya viwandani na kuambiwa, "Hiyo PLC usiguse," yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine.

Nikapakua OpenPLC Editor, programu ya bure ya kuandikia kazi za PLC, nikaazima Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki ya kuiendeshea. Mara ya kwanza kuipeleka programu kwenye bodi, kompyuta ilianza kuvuta mafaili mengine mtandaoni, na bando langu likaishia hapo.

Kanuni ya kimataifa ya kuandika programu za PLC, IEC 61131-3, ina lugha kadhaa. Kwa kiburi nikaanza na ST, ile ya maandishi, na wiki nzima nikahangaika na nukta mkato. Siku nilipofungua ngazi, yaani Ladder, nilicheka peke yangu. Kumbe ni mchoro wetu wa kontakta, ile swichi kubwa ya kuwashia mota! Ngazi ilitengenezwa hivyo makusudi, ili mafundi waliozoea rilei waisome bila kwenda shule upya.

Nikachora ninavyojua: boya la chini linawasha, boya la juu linazima, na mguso wa kujishikilia, unaoiacha pampu iendelee boya la chini likiachia, uko sambamba na boya hilo. Boya la chini nikalipa anwani %IX0.0, ambayo kwenye Uno ni pini ya 2. La juu %IX0.1, pini ya 3, pampu %QX0.0, pini ya 7. Haikuwaka. Siku mbili nzima nilibadilisha waya, nikabadilisha bodi, nikailaumu hata kebo.

Kosa lilikuwa mazoea yangu. Boya la juu nimelifunga ili likate tangi likijaa, kwa hiyo tangi likiwa tupu linapitisha umeme. Kwenye kontakta unalichora kama mguso uliofungwa. Kwenye programu unachora mguso ulio wazi, maana programu haijui swichi yako ni ya aina gani. Inaona tu kama pini ina umeme au haina. Mimi nilikuwa nimeukataa umeme uleule niliouleta. Na usilifunge boya kinyume ili mchoro upendeze: waya ukikatika, pampu lazima isimame.

Baadaye nikaunganisha moduli ya rilei ya kuwashia pampu, nayo ilikuwa inafanya kazi kinyume, inawaka pini ikikosa umeme. Hiyo niliimaliza kwa koili ya kugeuza, alama ya kwenye ngazi inayotoa kinyume cha amri. Nashukuru nilikuwa najaribu kwa balbu.

Tangi halifuriki tena. Ila juzi mama kanipigia: "Fundi, umeme ulikatika, umerudi, tangi liko nusu na pampu imenyamaza." Nikamweleza kwamba mguso wa kujishikilia ukiachia, pampu inangoja boya la chini. Hakuridhika. Jumamosi nampelekea kitufe cha kuwashia, atakaa nacho jikoni.