Wiki ya kujaza ripoti

Mitihani ya muhula imeisha, likizo ya mwezi wa sita inanukia, na mimi mwalimu wa darasa nina rundo la ripoti za Form Two mezani. Alama hazina shida, 75 kwenda juu ni A, 29 kushuka chini ni F, hiyo kompyuta inajaza yenyewe. Kazi ipo kwenye tabia na mwenendo, bidii, ubora wa kazi, ushirikiano, heshima, usafi, uaminifu, afu chini kabisa kuna kamstari kamoja ka maoni ya mwalimu wa darasa, yani mtoto mzima umkunje aenee hapo.

Tuna maneno yetu ya akiba. "Mtulivu, aongeze bidii." Ukiona mtulivu ujue mara nyingi mwalimu hamjui huyo mtoto. Na msumbufu je? Nusu ya wanaoitwa hivo ni wale wanaouliza maswali kipindi cha mwisho watu washachoka na njaa inauma. Kuna mmoja wa hivo kwangu, kwenye Fizikia hakubali kitu mpaka umwambie kwa nini, nikamwandika mdadisi. Mwenzangu wa meza ya pili akachungulia akacheka, eti mwalimu, baba yake si atadhani mwanae anasifiwa? Nikamwambia ndo anasifiwa sasa.

Kuna binti Hesabu kapata 38, D. Ukisoma alama tu unaandika dhaifu unafunua nyingine. Lakini daftari lake la Baiolojia ndo linagombaniwa jioni watu wakijisomea, mchoro wa moyo kauchora kwa penseli iliyochongwa vizuri, mistari ya majina kaipiga kwa rula na hakuna unaokatiza mwenzake, kushoto na kulia hajachanganya, na hapo hata wenye A huwa wanachanganya. Ubora wa kazi nimempa A. Maoni nikaandika "makini, hafanyi kazi ya kulipua, Hesabu apate wa kumwelekeza hatua kwa hatua", yamevuka mstari mpaka yakagusa sehemu ya mkuu wa shule, atanisamehe, yeye ana muhuri.

Mzembe mimi siandiki. Sio huruma, ni kwamba mzazi akisoma mzembe hana pa kuanzia zaidi ya fimbo, ila ukiandika "hajakusanya mazoezi ya Kemia tangu mwezi wa tatu" jioni hiyohiyo ataomba daftari alione.

Mtaani wanatuzidi kwa hili. Mzee Mwinyi sifa iliyomganda ni Mzee Ruksa, ukiisikia tu unakumbuka yaliyofunguliwa kati ya 1985 na 1995, na Magufuli akiwa waziri wa ujenzi wakamwita Tingatinga, umpende usimpende unaziona barabara. Sisi wenye chaki ndo tumebaki na "anajitahidi".

Sasa amebaki mmoja, anakaa dirishani mstari wa nyuma, alama zake zote C, hajawahi kuchelewa, hajawahi kuitwa ofisini, nimetoa macho hapa na neno linalokuja ni lilelile mtulivu. Sitaki. Mwalimu wa taaluma anazitaka ripoti kesho kabla ya saa sita, kwa hiyo asubuhi paredi ikiisha namtafuta monita aniambie huyu kijana huwa anafanya nini nikitoka darasani.