Mimi na binti yangu tumeshika upinde

Jamani, mimi na binti yangu tumeanza kujifunza kuwinda kwa upinde huku Ohio! Kozi ya usalama tumemaliza. Kinachobaki ni nguvu: sheria inataka upinde wa kuwindia kulungu uwe na uzito wa kuvuta usiopungua pauni 40, na mikono yake bado haijafika. Simharakishi. Mshale dhaifu humwacha mnyama na jeraha, akateseke porini, na hilo silitaki kabisa.

Jioni tunalenga shabaha. Namfundisha kusubiri kulungu asimame ubavu, kisha alenge nyuma ya bega la mbele, penye moyo na mapafu. Msimu ukifunguliwa mwishoni mwa Septemba atakaa nami, atazame tu. Wazazi wenzangu, watoto wenu mliwaanzishia upinde wa aina gani?